Pumzi Mbele, Mwili Nyuma

Mfungo Sita uliopita, mbele ya watu wanaonijua tangu utotoni, nilishindwa kumaliza mshororo. Nilikuwa nimesimama kusoma kasida niliyoitunga mwenyewe, kazi ninayoifanya kwa zaidi ya miaka thelathini, na nilipofika ubeti wa nne pumzi ikanikatikia baina ya ukwapi na utao. Nikavuta hewa, nikaendelea, ikakatika tena. Jamaa wakapaza sauti kumsalia Mtume ili wanisitiri, kama ilivyo adabu ya majlisi zetu, nami nikaketi. Hapana aliyenicheka. Lakini mtu wa kazi hii hahitaji kuchekwa ili ajue lililompata.

Daktari alinisikiliza kifua mbele na nyuma, akasema mapafu ni mazima. Kasoro yangu, alisema, ni kuketi kutwa nimeinamia meza na kupumua juu juu, kwa mabega. Akaniandikia dawa ambayo haiuzwi dukani: nitembee, na nijifunze kupumua. La kwanza nililielewa. La pili nililiona kama mzaha, kwani mtu wa miaka hamsini na kitu, aliyesomeshwa tajwidi tangu hajang'oa meno ya utotoni, afunzwe kupumua na nani?

Miezi miwili baadaye nilikwenda Matisi kumtazama binti yangu, ambaye anasomesha huko. Msomaji wa pwani asiyepajua, Matisi ni kitongoji kikubwa kando ya mji wa Kitale, upande wa Saboti: nyumba za mabati zilizosongamana, bodaboda zisizolala, na mahindi kila unapogeuza macho, yaliyo shambani na yaliyoanikwa kwenye maturubali. Asubuhi ikiwa haina ukungu, mlima Elgon unauona umejinyoosha kule magharibi. Baridi yake ya alfajiri ni ya kutia udhu kwa kujihimiza. Na mahali penyewe ni juu, kiasi cha mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, ambako kila pumzi humpa mtu oksijeni pungufu kwa karibu humusi moja kuliko ile tuliyoizoea Mombasa. Wazee wetu wa misafara walizifikia nchi hizi za magharibi kwa miguu katika karne ya 19, wakituama kwa Mumia, mtawala wa Wawanga. Mimi nilifika kwa basi, na bado kutoka kituoni hadi mlangoni kwa binti yangu nilisimama mara tatu.

"Baba," akaniambia siku ya pili, "hapa jirani kuna kijana anafundisha yoga kila Jumamosi. Anafundisha kupumua."

"Mwanangu, mimi na yoga wapi na wapi?"

"Twende ukatazame tu. Kutazama hakulipiwi."

Mahali penyewe palikuwa chumba cha shule ya watoto wadogo, madawati yamesukumwa ukutani. Mwalimu ni fundi wa kujenga, ana miaka thelathini hivi, na yoga alijifunzia Nairobi. Wanafunzi walikuwa kumi na wawili: kina mama wa jirani, vijana wawili wanaokimbia mbio, na bibi mmoja mnene aliyeketi juu ya kiti tangu mwanzo hadi mwisho. Walikuwa na mikeka ya mpira minne tu, wengine wametandika magunia ya mahindi yaliyopasuliwa. Nikapewa nafasi nyuma, karibu na mlango, na nikafurahi kuwa mlango uko karibu.

Kilichonishika kwanza ni sauti. Kijana alisema, "Vuta," na mikono ya wote kumi na wawili ikapanda pamoja. Akasema, "Toa," na migongo ikainama. Na katika kule kuvuta na kutoa, midomo ikiwa imefungwa, palitoka mvumo mdogo kooni mwa kila mmoja, na mivumo yote ilipochanganyika chumba kilivuma kama bahari ya mbali usiku wa kusi. Huko Matisi, mwendo wa zaidi ya kilomita mia nane kutoka Mombasa! Nilisahau kwamba nimekuja kutazama tu.

Nilipomwuliza, alinieleza kwamba wanabana koo kidogo hewa ipite kwa kusuguana, ili kila mtu aisikie pumzi yake mwenyewe na kujua inapokwenda mbio au inapokwama. Akanionyesha. Mimi nikamwambia, mwalimu, sauti hiyo ninaijua ilikozaliwa. Sisi tuliosoma chuoni tulifunzwa makharija ya herufi, na koo tuliligawa sehemu tatu: mwisho wake wa chini, kati yake, na juu yake karibu na ulimi. Hii ya kwake inatoka katikati, pale pale inapotoka haa ya "Rahman", na ni katika herufi za hamsi, zile ambazo pumzi haizuiwi bali huachwa ipite nazo. Alichokifanya ni kuifunga midomo juu ya haa. Kijana akacheka, akaijaribu kwa kufungua mdomo, akaipata sawasawa kuliko baadhi ya watoto wa mtaani kwetu.

Siku hiyo nilivua viatu nikaingia mstari wa nyuma. Na hapo ndipo nilipoaibika mara ya pili, ingawa safari hii hapana aliyenitazama. Mikono yangu ilifika juu zamani, na pumzi bado iko tumboni. Nilipoinama niliizuia, kama mtu anayenyanyua gunia. Mzunguko wa tatu nikaanza kukohoa. Kijana akaja akanisimamia kando, akasema maneno ambayo nimeyabeba hadi leo:

"Mzee, usinifuate mimi, fuata pumzi yako. Mkono ukifika kabla ya pumzi kwisha, umekimbia. Pumzi ikiisha mkono haujafika, umechelewa. Anzisha pumzi kwanza, halafu mkono uifuate nyuma, na vyote viwili vifike pamoja."

Huo, ndugu msomaji, ndio moyo wa yoga ya namna hii, ambayo wenyewe huiita vinyasa. Si kujikunja kama chatu, wala kusimama kwa kichwa, mambo tunayoyaona katika picha. Ni kufunganisha kila kitendo na nusu ya pumzi. Ukifungua kifua, ukiinua mikono, ukinyoosha mgongo, unavuta. Ukiinama, ukikunja tumbo, ukishuka, unatoa. Na si amri ya bure. Kati ya kifua na tumbo kuna kiwambo cha nyama ambacho ndicho kivutacho hewa: kikishuka mapafu hupanuka, kikipanda hewa hutoka. Mtu anapoinama, matumbo hukisukuma kiwambo juu, hewa ikatoka bila ya kulazimishwa. Anaponyooka, mbavu huachana na nafasi hupatikana. Mwili umekwisha kupangwa hivyo na Muumba wake. Sisi ndio tunaoupinga kwa haraka zetu.

Watu husema mambo haya yana miaka elfu kadhaa. Yoga yenyewe ni ya kale sana, naam, na Waislamu hawakuanza kuijua jana: Abu Rayhan al-Biruni, yule mwanachuoni mkubwa wa Khwarazm aliyezaliwa mwaka 973, alikifasiri kwa Kiarabu kitabu cha yoga cha Patanjali, na katika karne ya 16 sheikh wa Kisufi wa Gwalior, Muhammad Ghawth, akaandika kwa Kiajemi Bahr al-Hayat, yaani Bahari ya Uhai, kinachoeleza mikao na namna za kupumua za mayogi. Nakala moja ya kitabu hicho yenye picha za mikao ilitengenezwa karibu na mwaka 1600 kwa ajili ya Salim, mwana wa mfalme Akbar, aliyekuja kuitwa Jahangir. Lakini huu mtindo wa kutiririka, mkao mmoja ukizaa mwingine kwa uzi wa pumzi, kwa sura tunayoiona leo umetengenezwa katika karne ya 20, hasa na Tirumalai Krishnamacharya, aliyeishi miaka mia moja, 1888 hadi 1989, na aliyesomesha katika jumba la mfalme wa Mysore katika miaka ya 1930. Mwanafunzi wake Pattabhi Jois akaueneza hadi Ulaya na Marekani. Kwetu Kenya ulipata nguvu mpya kuanzia mwaka 2007, ilipoanzishwa Africa Yoga Project jijini Nairobi, ambayo imewafunza vijana wengi wa mitaa ya kimaskini kuwa walimu.

Sasa nije kwenye neno ambalo najua msomaji ananingojea nalo. Je, yafaa?

Sikulipita neno hili kwa urahisi. Ule mzunguko tulioufanya Matisi, wa kuinua mikono, kuinama, kurudi nyuma kwa mikono, kushuka na kupanda tena, kwa Kisanskriti unaitwa surya namaskar, maamkizi ya jua. Na sisi ni watu tuliofunzwa kuepuka hata sala ya sunna wakati jua linapochomoza, linapokuwa utosini na linapotua, ili ibada yetu isifanane na ya wale waliolisujudia jua. Wanavyuoni nao hawakusema neno moja. Mwezi Novemba 2008 Baraza la Fatwa la Malaysia liliwakataza Waislamu yoga kwa kuwa imechanganyika na ibada za Kihindu. Siku chache baadaye Waziri Mkuu wa huko, Abdullah Badawi, akasema mazoezi ya viungo yasiyo na maneno ya ibada hayana kizuizi. Mwaka 2009 wanavyuoni wa Indonesia nao wakapambanua: yenye matamko ya ibada ya Kihindu ni haramu, ya viungo peke yake si haramu. Na mwaka 2017 Saudi Arabia ikaitambua yoga kuwa mchezo unaoweza kupewa leseni, baada ya juhudi za miaka mingi za mwanamke wa Kisaudia, Nouf Marwaai.

Rai yangu mimi, ambaye si mufti wala mtoto wa mufti, ni ile ya kupambanua. Kijana wa Matisi hatamki mantra yoyote, na mzunguko ule yeye anauita "mzunguko wa kwanza". Mwisho wa somo wenzangu waliunganisha viganja kifuani. Mimi nikaviweka juu ya magoti, na hapana aliyeniuliza. Kuna na mkao mmoja wa kuinua makalio juu na kuteremsha kichwa, ambao jina lake ni mbwa anayetazama chini. Binti yangu akanitupia jicho. Nikamwambia sisi tutauita ngalawa iliyofudikizwa, na kina mama walio karibu wakauchukua jina hilo, ijapokuwa sina hakika kama wote wamewahi kuiona ngalawa.

Lakini upande wa pili nao una watu wake, nao siwakubali vilevile. Hao ni wale wasemao kwamba sala ni yoga yetu. Sala si mazoezi ya mgongo. Mtu akiifanya kwa ajili ya mgongo, amepata mgongo. Ninachokiri ni kwamba katika sala limo jambo ambalo nililitenda maisha yangu yote bila ya kulitazama. Mafakihi wetu wa Kishafi wanapendekeza takbira ya kuhama ianze pale mtu anapoanza kuinama na ivutwe hadi afike rukuu, ili sehemu ile ya njiani isiwe tupu bila dhikri. Mara ngapi nimeikata takbira kwa haraka, nikamaliza kutamka nami bado nimesimama, au nikafika chini nikiwa kimya? Yule fundi wa kujenga, asiyejua fikihi, ndiye aliyenirudisha kwenye somo la maalimu wangu.

Na kwa kweli nilipoanza kulitazama jambo hili niliona tumelizungukwa nalo. Chuoni tulisoma tukiyumba mbele na nyuma, na maalimu hakukubali mtoto avute pumzi katikati ya neno. Ulitakiwa uipime njia kabla ya kuanza, ujue utasimama kwenye waqfu ipi, kama mtu avukaye mkondo kwa mawe. Mabaharia walipotweka tanga la jahazi walivuta kamba pamoja na kuitikia pamoja, mvuto mmoja kwa itikio moja. Wanawake wawili wakitwanga kinu kimoja, ukisikiliza utawasikia wanapumua kwa zamu. Na katika twarika zetu, hasa Kadiriya aliyoieneza sana Sheikh Uways wa Barawa aliyefariki mwaka 1909, zikri ya kusimama hufanywa kwa kuinama na kunyooka, na jina la Mwenyezi Mungu huenda na pumzi hadi sauti ikabaki mvumo wa kifua. Wapinzani wake waliiita zikri ya kukohoa, na mabishano juu yake yaligawa misikiti. Unguja nako ziko safu za Maulidi ya Homu, ambapo watu hupiga magoti bega kwa bega wakayumba kama wimbi moja. Mambo haya yanatofautiana kwa nia, na nia ndiyo inayopambanua matendo. Lakini mwili ni ule ule, na kiwambo ni kile kile.

Mwaka 2001 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilichapisha uchunguzi wa Luciano Bernardi wa Italia na wenzake. Waliwapima watu 23, wakiwasomesha mara dua ya rozari ya Wakatoliki kwa Kilatini, mara mantra ya yoga, na wakaona kwamba katika hali zote mbili pumzi zilipungua zikawa karibu sita kwa dakika, na mapigo ya moyo yakaingia katika mpango mmoja nazo. Sita kwa dakika ni sekunde kumi kwa kila pumzi, kuvuta na kutoa. Nikachukua saa ya binti yangu, nikasoma mshororo mmoja wa shairi la kawaida, mizani kumi na sita, kwa mwendo wa majlisi. Sekunde tano. Kumbe kipimo kile walichotuachia washairi wetu, nane na nane, hakikutoka hewani. Au niseme, kilitoka hewani hasa.

Basi nikakaa Matisi wiki tano badala ya mbili. Kila alfajiri baada ya sala nilingoja jua lipande vizuri, nikatoka uani nikafanya mzunguko wa kwanza mara sita, polepole, na baadaye nikiketi kwenye kigoda nikisoma mshororo kwa pumzi moja. Mwanzo nilifika mizani kumi na moja. Nilikuwa naanza kwa nguvu, kama kijana, nikiimwaga pumzi yote katika ukwapi na kuuachia utao makombo. Wiki ya tatu nikafika kumi na nne. Kuku wa jirani walinizoea. Watoto wakaja kutazama, wakaanza kuinua mikono nami, na mmoja wao, mtoto wa miaka sita hivi, akanisahihisha: "Babu, umekimbia."

Wiki ya nne nikazifika kumi na sita, na pumzi kidogo ikabaki. Nilikaa kimya kwa muda. Kisha nikamwita binti yangu aje asikilize, nikashindwa mbele yake, nikarudia nikaweza.

Jumamosi yangu ya mwisho kijana aliniomba kitu. Alisema anachoka kuita "vuta, toa" saa nzima, na kuhesabu moja mbili tatu kunawafanya watu wakimbie; je, mzee hawezi kumpa maneno yenye urefu unaotosha? Nikampa ubeti huu, mshororo wa kwanza wa kuvuta, wa pili wa kutoa, wa tatu wa kuvuta, wa nne wa kutoa:

Vuta hewa taratibu, mikono nayo ipande
Kisha toa kwa hesabu, mgongo nao upinde
Usishindane na babu, jirani usimponde
Mwili usilete tabu, nyuma ya pumzi wende

Aliuandika nyuma ya risiti ya saruji. Akasimama mbele, akausoma, na wote kumi na wawili tukapanda na kushuka nao, hata yule bibi wa kwenye kiti. Mara ya kwanza aliusoma vizuri. Mara ya pili, kwenye mshororo wa mwisho, akasema "uende" badala ya "wende", na mizani ikazidi moja. Nilitaka kumsahihisha pale pale, lakini nilikuwa katikati ya kutoa pumzi.